Kuhusu Kitambaa Cheupe Ulichomletea Bibi Kutoka Makka

Likombe,
Mtwara.
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Farida,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, wewe na Mjomba Abdallah. Mguu wako unaendeleaje? Baba alisema umeanza tena kuvimba ukisimama sana dukani. Bibi anasema uuweke juu ya mto kila unapokaa, na kwamba alishakwambia hivyo tangu mwaka jana hukusikia.

Sisi hapa ni wazima. Baba anakwenda shamba Mtawanya kila siku baada ya sala ya alfajiri, korosho zinaanguka kwa wingi. Mama yupo. Sharifa ametimiza miaka minne na anabishana na kila mtu. Bibi jicho la kulia limefanyiwa upasuaji, la kushoto bado. Anamwona mtu amesimama, ila mpaka aongee ndipo anajua ni nani.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Ni Bibi aliyeagiza. Alisema, “Kwenye simu wewe utasema shikamoo halafu utanyamaza, Farida atadhani mtandao umekatika.” Ni kweli, ndivyo nilivyo. Shuleni nikiulizwa kwa Kiingereza jibu linanijia kwa Kiswahili, nyumbani nikiulizwa kwa Kiswahili linanijia kwa Kiingereza, na mpaka nimalize kulihamisha aliyeuliza ameshaondoka. Nikiandika hakuna anayenisubiri.

Jambo lenyewe ni kile kitambaa cheupe ulichomletea Bibi uliporudi Hija. Nimekiharibu. Nimeona niliseme mapema ili usisome kurasa zote ukijiuliza ninakoelekea.

Shuleni kwetu mwaka huu kuna klabu ya sanaa. Anayeisimamia ni Mwalimu Doris anayetufundisha Kiingereza, kwao ni Mbeya. Nilijiunga kwa sababu kule huitwi mbele ya darasa kueleza. Ukimaliza, kazi yako inasimama yenyewe na wewe unaweza kukaa nyuma ya mlango.

Mwezi wa nane Mwalimu alitutaka kila mtu atengeneze kazi kwa vitu vya kurithi vya nyumbani kwao. Si kuvichora. Ni kuvitumia vyenyewe, kuvitundika na kuvipanga mpaka mtu akiingia ajione yumo katikati ya maisha ya watu fulani. Yeye anaiita instalesheni. Nilipomweleza Mama alisema, “Kwa hiyo ni kupanga vyombo.” Sikumbishia.

Stefano wa darasani kwetu, ambaye baba yake anafanya kazi bandarini, alileta makoti ya mvua na kofia ngumu za baba yake na babu yake, akayatundika kama watu waliopanga foleni. Mimi niliwaza kanga za Bibi. Unajua alipohamia kwetu kutoka Msimbati kwa ajili ya macho alikuja na sanduku lake. Nilikaa siku tatu nikitafuta namna ya kumwomba. Nilipomwomba alijibu mara moja, hata hakugeuka: “Chukua za juu, mke mwenzangu. Zile nimezivaa mpaka zimenichoka. Ila zirudi nzima.”

Nilipozibeba kwenda shule Stefano akasema, “Nasra umefungua duka? Mimi nipunguzie, ni mteja wa kwanza.” Watu walicheka, nami nikacheka kidogo ili yaishe.

Bibi aliniambia kila kanga ilikuwa ya nani. Ile ya bluu uliyojifungulia Dada Halima ni yako, uliiacha kwake. Ile nyekundu iliyokatika pindo ni ya Mama, ya siku aliyotolewa nje baada ya arusi. Kuna moja imekuwa nyembamba kama chachi, ilikuwa ya marehemu dada yake Esha, na nyingine ya mama yao mzazi, Asumini. Wazo langu likawa chumba. Kanga zitundikwe kwenye mianzi ziwe kuta nne, maneno yake yatazame ndani, na katikati ining’inie nguo moja nyeupe kutoka juu mpaka sakafuni, yenye majina ya wanawake wa nyumba yetu.

Nguo nyeupe sikuwa nayo. Mashuka yetu yote yana maua. Lakini nilipotoa kanga niliona chini ya sanduku mfuko wa nailoni wenye kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Siku ya pili Bibi alipokwenda kukaa kwa jirani nilirudi nikautoa. Sikumwomba. Niliona nimeshaomba mara moja na kuomba mara ya pili kulinishinda.

Majina niliyaandika kwa maji ya mabibo ya mikorosho ya Baba. Wewe umekulia huku, unajua bibo likikudondokea kwenye sare unachapwa, maana halitoki mpaka nguo ichakae. Nilikamua mabibo kwenye bakuli, nikaandika kwa ujiti wa mnazi, herufi kubwa kama kiganja. Mara ya kwanza huoni kitu. Ukianika juani na kufua kwa sabuni ndipo majina yanaonekana, ya kahawia, kila ukifua yanazidi. Kwa hiyo nilikifua, Shangazi. Nilikifua mara tatu.

Majina ni saba. Asumini, Esha, Somoe, Farida, Zuhura, Nasra, Sharifa.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi tarehe 9, katika ukumbi wa shule. Walikuja wageni wawili wa nyumba ya sanaa ya Dar es Salaam. Kazi zilikuwa kumi na tisa, wakachagua nne za kuonyeshwa Dar mwezi wa kwanza, na yangu ikawemo. Mwalimu Doris alinishika bega akaniambia kwa Kiingereza kwamba hakushangaa. Mimi nilisema ahsante, hilo tu. Stefano naye alichaguliwa, akasema tutakaa kiti kimoja kwenye basi, mimi, yeye na kofia za babu yake.

Mama na Bibi walifika saa tisa. Bibi aliingia ndani ya kanga akizipapasa moja baada ya nyingine, na kila anayoishika anaitaja. “Hii ya Farida. Hii ya Zuhura, pindo hili hapa.” Watu walisogea kumsikiliza, mgeni mmoja akawa anamrekodi kwa simu. Nilifurahi, siwezi kukudanganya. Halafu akafika katikati akashika ile nyeupe. Akaisugua kwa kidole gumba. Akainusa. Hakutaja kitu.

“Nasra.”

“Abee Bibi.”

“Hii umeitoa wapi?”

“Sandukuni.”

“Juu au chini?”

“Chini.”

Kitambaa kikiwa bado mkononi, akasema kwa sauti yake ya kila siku, “Mke mwenzangu, una haraka ya kunizika?”

Yule mgeni alicheka, alidhani ni utani wa bibi na mjukuu. Mama ndiye aliyeelewa. Nilimwona anashika mdomo.

Bibi aliomba kiti. Alikaa palepale chini ya sanda yake mpaka watu walipoisha, akiitikia shikamoo za wanafunzi na kuwauliza kwao wapi. Ukumbi ulipobaki mtupu akaniambia nimsomee kilichoandikwa. Nikasoma. Nilipofika kwa Sharifa, Mama akasema, “Basi. Inatosha.” Kwenye bajaji wakati wa kurudi dereva alilalamikia barabara njia nzima.

Nyumbani Bibi ndipo akanieleza. Kwamba hicho kitambaa ulikinunua Makka, ukakifua mwenyewe kwa maji ya Zamzam, ukakikausha hotelini, na kwenye ndege ulikishika mapajani hukukiweka kwenye begi. Kwamba amekitunza na pamba yake na marashi yake na sabuni ya kumwoshea, ili siku ikifika Baba asihangaike kutafuta. Alinieleza taratibu kama anavyonieleza kupika. Sikuweza hata kusema nisamehe. Nilisema “ndiyo Bibi” kama mara sita.

Kilichowatisha zaidi si kile kitambaa kuchafuka. Ni majina. Nimeandika watu walio hai kwenye nguo ya kuingia kaburini, na mtoto mdogo yumo. Jumanne yake Sharifa akapata homa. Walimpima, ikawa malaria, akapewa dawa na siku ya tatu alikuwa anakimbia tena. Lakini zile siku mbili Mama hakunitazama. Alinipa chakula, aliniita nikafue, macho yake yalipita pembeni. Mimi nilikaa na daftari la Bailojia nikisoma ukurasa wa mbu, najua kabisa malaria inatoka wapi, na bado nilikuwa naogopa jina la Sharifa kwenye ile nguo.

Baba alikwenda kumuuliza Ustadh Shafii wa msikiti wetu. Alirudi akasema Ustadh amesema doa haliharamishi sanda, nyeupe ni bora lakini si lazima, na jina si mtu. Ila akasema kama wenye majina wana hofu, nguo hiyo msiizike, nunueni nyingine. Bibi aliposikia akasema, “Mimi sina hofu. Lakini Farida je? Nimpeleke Farida udongoni bila kumuuliza?”

Alhamisi asubuhi alituita mimi na Mama chumbani. Akasema nguo za maiti hugawanywa na watu wengine, mwenyewe hayupo hata kusema hapana, huyu apewe ile, yule asipewe. Yeye hii ataigawa mwenyewe akiwa hai. Kila jina litolewe lipewe mwenyewe. Akanikabidhi mimi kazi hiyo.

Nikamwambia Mwalimu Doris kwamba kazi yangu haitakwenda Dar. Nilimwandikia kikaratasi nikakiacha mezani kwake. Jioni alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari. Alikaa mkekani na Bibi kwa heshima, akasema hakujua, na kwamba ni kosa lake pia maana hakuniuliza nguo ile ni ya nini. Halafu akajaribu. “Bibi, kazi hii imechaguliwa kati ya kumi na tisa. Nasra hajawahi kusafiri na kitu chake.” Bibi akajibu, “Mwalimu, nimeiona kwa mikono. Ni nzuri. Lakini ndani yake kuna watoto wangu.” Mwalimu hakuendelea. Alikunywa chai, wakaongea habari za ndizi za Mbeya.

Siku ya pili tulikwenda sokoni na Bibi kununua bafta ya sanda nyingine. Muuza duka alipoona Bibi anavyopima kwa mikono hakuuliza ni ya nini, alikata. Nyumbani Bibi alilala chali kwenye mkeka, akaniambia nimpime kutoka juu ya kichwa mpaka chini ya nyayo na kuzidisha. Nilipima haraka haraka, nikaishia kwenye vifundo vya miguu. Akasema, “Pima vizuri, usinifanyie ubahili.” Akanifundisha kwamba mkasi hautumiki. Unaanza kwa meno au kucha, kisha unachana, na uzi wa kufungia unautoa kwenye kitambaa chenyewe. Alinifundisha vipande vitano vya sanda ya mwanamke na kila kimoja kinakaa wapi. Mama alisimama mlangoni akiangalia, mwisho akaja akashika upande wa pili. Ndiyo siku aliyoanza tena kunitazama.

Bafta hiyo haijapata Zamzam. Bibi amenikataza kukuomba, anasema utadhani anakudai. Kwa hiyo sikuombi.

Baadaye nikachana majina kutoka kile cha kwanza, moja moja. La Sharifa Mama alilichukua akaliweka kwenye Msahafu wake. La kwake analo. Langu ninalo mimi. La Asumini na la Esha Bibi ameyakunja pamoja na sanda mpya. Anasema, “Hao wametangulia. Nitawapelekea mwenyewe.” Nilidhani na lake Somoe ataliweka hapo, lakini amelifunga kwenye pindo la kanga anayovaa, pale anapofunga hela za vitumbua.

La kwako liko ndani ya bahasha hii. Farida, herufi sita, a ya mwisho imesambaa kidogo kwa sababu ujiti ulivunjika. Bibi anasema lifanye utakavyo, uliweke, ulichome, ulifue. Hata hivyo kulifua hakutalisaidia kitu.

Sasa kuna jambo ambalo Bibi hajui, na sijamwambia mtu. Wote wanasema mtoto hakujua. Bibi amesema, Baba amesema, Mwalimu naye. Shangazi, mimi nusu nilijua. Ile pamba niliiona. Marashi niliyaona, na sabuni ambayo haijafunguliwa. Nilikaa pale chini mbele ya sanduku nikajiambia wazee wanapenda kutunza vitu, nikarudisha pamba mahali pake, nikachukua kitambaa. Nilijua kwamba nikiuliza nitaambiwa hapana. Ndiyo maana nikaifanya haya yangu kuwa sababu nzuri ya kutouliza. Watu wanadhani mtu mwenye haya hana ujeuri. Mimi naweza kukuambia si kweli.

Bibi amenisamehe lile analolijua. Alisema, “Msamaha wangu umeupata. Wa Farida uutafute mwenyewe, maana kile kitambaa ni jasho lake.” Nakuomba unisamehe na hili ambalo yeye halijui. Ukiona ni lazima nimwambie, niambie, nitamwambia.

La mwisho. Kitambaa kilichobaki kina matundu saba. Nilikikunja nikampelekea Mwalimu Doris anisaidie kujua nikifanyie nini, kwa kuwa sikuthubutu kukitupa wala kukifanya dekio. Alikitandaza juu ya meza akakitazama muda mrefu, akasema hata hivi kinaweza kwenda Dar, kitundikwe katikati ya kanga kama kilivyo, bila jina lolote. Sijui kama ni kweli ni kazi nzuri au alinihurumia. Nilimuuliza Bibi. Akasema, “Hapo sasa hamna mtu. Lakini aliyekinunua ni Farida, muulize yeye.” Jibu linatakiwa kabla ya tarehe 10 Desemba.

Nimeandika sehemu hii mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba lolote utakalosema ni sawa. Mara ya pili niliandika kwamba kama hutaki mimi sitaumia. Zote mbili ni adabu, lakini si kweli, nimezichana. Nataka kiende, Shangazi. Nataka watu wakione na nataka nami niwepo. Safari hii nakuuliza kabla, na ukisema hapana nitakirudisha nyumbani na kanga za Bibi zitarudi sandukuni zikiwa nzima, kama alivyotaka.

Ukipiga simu, nitaipokea mimi. Ukisikia kimya jua nipo.

Nisalimie Mjomba Abdallah, Dada Halima na watoto wake. Baba anakusalimu, anasema mtu wa kukuletea korosho akipatikana atakutumia mfuko. Mama anakusalimu sana. Bibi anakuombea dua kila baada ya sala, na ameniambia niandike kwamba Mungu akupe miguu ya kuja kumwona wakati bado anaweza kukutambua kwa sauti. Sharifa anauliza kama Mwanza kuna bahari, nikamwambia kuna ziwa, akasema basi si kitu.

Mungu akutunze, na aulainishe moyo wako kwangu.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye hata ninapokosa la kusema,

Nasra Rajabu